Tulikwenda Rubondo kuangalia pilipili za mama mmoja

Mwezi huu ukurasa wa safari hauendi mbali. Hatukuvuka mpaka wala hatukupanda gari la Mbarara. Tulitoka tu Base Camp tukaenda Rubondo, humu humu ndani ya Nakivale yetu. Lakini tumerudi na mambo ambayo tumeona si vizuri kuyafungia nyumbani peke yetu.

Kwanza tuwaambie sababu ya safari. Sisi ni kikundi cha majirani 11, akina mama 8 na akina baba 3, tunalima pilipili pamoja na kuweka akiba kwenye sanduku moja. Msimu uliopita tulifungua sanduku tukanunua mbolea ya dukani. Wote mnajua bei ya mbolea ilivyopanda mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza. Tulijikaza tukanunua. Mfuko ulikuwa mzuri kwa nje, lakini ndani kulikuwa na chembe ambazo hata baada ya mvua mbili zilikuwa bado ziko pale pale kama kokoto. Duka hatulitaji, maana hatuna ushahidi wa kwenda nao mbele. Kisha mvua ikakatika, pilipili zikabaki fupi, maua yakaanguka. Mwenzetu mmoja alikuwa ametegemea mavuno yale kwa ada ya binti yake. Alitoka kwenye kikundi bila kugombana na mtu, akasema tu, "Mimi siwezi tena." Neno hilo lilituumiza kuliko zile pesa.

Sasa mvua za Septemba zinakaribia. Pesa iliyo kwenye sanduku inatosha mfuko mmoja tu. Wengine walisema tununue tena, lakini kwa duka lingine. Wengine walisema mbegu zitanunuliwa na nini? Tukiwa katika kubishana hivyo, mzee mmoja wa kanisani akatuambia kuna mama Mkongo kule Rubondo, pilipili zake zinakaa kijani hata jua likiwaka, na hanunui mbolea ya chumvi. Tukakubaliana hakuna kufungua sanduku mpaka twende tuone kwa macho yetu.

NJIANI

Tuliondoka asubuhi mapema tukiwa 4, na bodaboda mbili. Asiyejua Nakivale anafikiri kambi ni mahema na foleni. Nakivale ni nchi nzima. Wakimbizi wa kwanza, ndugu zetu Wanyarwanda, walifika hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mpaka leo watu wanaingia. Leo utapita penye maduka ya Wasomali, uombe maji kwa Warundi, usikie nyimbo za Kikongo zinatoka kanisa la mabati, vyote katika safari moja ya asubuhi.

Mwezi wa nane vumbi ni jingi. Kila lori likipita tulifunga macho na mdomo. Upande mmoja tuliona ziwa likimeremeta, na mafunjo yamesimama ukingoni. Upande mwingine vilima vya nyasi kavu, miti ya miiba, ng'ombe wa pembe ndefu, na mbali kidogo migomba ya wenyeji wetu wa Isingiro. Udongo wa njia nzima ni mwekundu. Mmoja wetu, ambaye ni mtu wa Masisi, alitikisa kichwa. "Kwetu udongo ni mweusi kama makaa, unatupa mbegu tu unaenda kulala. Hapa udongo unakuangalia kwanza." Tulicheka, lakini ni kweli. Wengi wetu tulijifunza kulima kwenye udongo wa volkano. Huku inabidi tujifunze upya.

KWA MAMA MWENYE PILIPILI

Tulimkuta anapalilia. Hakulima kwa kugeuza udongo wote kama sisi. Alikuwa anakata magugu juu juu kwa jembe dogo na kuyalaza chini. "Karibuni bageni, mwikale kwanza, jua ni kali," alituambia, akatuma mtoto alete viti na maji. Sisi tulitaka kuona shamba mara moja, yeye alitaka tule kwanza. Tulikula muhogo na sombe, na kwa pembeni pilipili mbuzi moja, ile ya mviringo yenye harufu nzuri. Baba aliyekuwa nasi aliuma nusu, akatokwa machozi mpaka watoto wa nyumba wakaja kuangalia.

Shamba lenyewe si kubwa. Ni kiwanja cha nyuma ya nyumba, kama vyetu. Lakini alikuwa amepanda mistari sita: mitatu ameweka "dawa ya udongo" yake, mitatu hakuweka. Samadi ya mbuzi aliweka sawasawa kote, na maji yale yale ya kuoshea vyombo. Mistari ile mitatu ya kwanza majani yalikuwa mapana, shina nene, matunda yamening'inia. Mingine mitatu haikuwa imekufa, hapana, ila ilikuwa mifupi na majani yake yamelegea saa sita mchana. Alituambia anapovuna, upande wa dawa unajaza beseni wakati upande ule haujafika nusu. Sisi hatukuwepo siku ya kupima, tunaandika alivyosema. Tofauti ya majani tuliiona wenyewe.

Tukamwuliza, "Mama, dawa hii unainunua wapi?" Akacheka. "Haiko ya kununua. Iko ya kufuga, kama kuku."

KUVU WANAOSAIDIA MIZIZI

Alituonyesha beseni kuukuu lililojaa mchanga na vipande vya mizizi mikavu. Kwa macho huoni kitu. Alisema ndani yake kuna kuvu. Mmoja wetu alirudisha mkono haraka, kwa sababu kuvu tunayoijua sisi ni ile inayoozesha mahindi. Mama akatueleza kwamba kuvu si wa aina moja. Kuna wanaoozesha, na kuna wanaoishi kwa urafiki na mizizi. Hao wa urafiki wataalamu wanawaita mikoriza. Aliwajua kwa agronomu mmoja zamani akiwa bado Kivu, na alipofika huku akakumbuka.

Tuliporudi tuliuliza pia wanaosoma mambo ya kilimo, wakatuongezea. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na Mjerumani mmoja, Albert Bernhard Frank, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kuvu na mzizi. Lakini urafiki wenyewe ni wa kale sana. Huko Scotland, mahali panaitwa Rhynie, wamepata mawe yenye mimea ya miaka zaidi ya milioni 400, na ndani ya mimea hiyo kuvu wa namna hii wapo tayari. Mimea mingi ya nchi kavu inaishi nao hadi leo: mahindi, mtama, maharage, muhogo, vitunguu, nyanya, na pilipili zetu.

Kazi yao ni hii. Mzizi wa pilipili ni mfupi na mnene. Unakula chakula kilicho karibu nao, kikiisha unakaa na njaa. Kuvu huyu anaingia ndani ya mzizi, halafu anatoa nyuzi nje kwenda kwenye udongo. Nyuzi hizo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, kwa hiyo zinapenya pale ambapo mzizi hauwezi. Zinaleta hasa fosforasi, ile inayosaidia mizizi, maua na matunda. Udongo mwekundu kama wetu una chuma kingi, na chuma kinashika fosforasi na kuing'ang'ania. Unaweza kuwa nayo shambani na mmea usiipate. Nyuzi za kuvu zinaifikia mbali zaidi na kuileta. Pia zinasaidia mmea kuvumilia ukame. Mmea nao unamlipa kuvu kwa sukari unayotengeneza kwa majani. Hakuna anayekula bure.

Hata Marekani wakulima wanaitumia njia hii. Huko Pennsylvania, mtafiti David Douds na wenzake wa Rodale Institute walionyesha namna mkulima anavyoweza kukuza kuvu hawa mwenyewe kwenye mifuko ya plastiki kwa kupanda nyasi, na mwaka 2003 walitoa matokeo ya kuwatumia kwenye pilipili hoho, mavuno yakaongezeka. Mama wa Rubondo hajawahi kusikia habari zao. Lakini beseni lake na mifuko yao ni kazi moja.

NAMNA ANAVYOWAFUGA

Tuliandika kila hatua kwenye daftari, na hapa tunaziweka kama alivyotuambia.

Kwanza, tafuta mahali ambapo jembe halijapita miaka mingi: chini ya nyasi za zamani au karibu na miti ya miiba. Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Ondoa majani ya juu, chimba kama kina cha kiganja, chukua udongo pamoja na mizizi midogo midogo ya nyasi. Debe moja linatosha. Usichukue mahali ambapo nyanya, viazi au pilipili zilinyauka, wala penye mizizi yenye vinundu vya minyoo, maana utabeba ugonjwa mpaka nyumbani.

Pili, tayarisha mchanga safi madebe manne. Yeye hapiki kwa kuni, kuni ziko wapi? Anaulowesha, anautandaza, anaufunika kwa plastiki inayopitisha mwanga, kingo anazibana kwa mawe, anauacha juani wiki sita wakati wa kiangazi. Joto linaua wadudu na magonjwa mengi. Udongo ule wa porini haufunikwi hata kidogo, kwa sababu utaua na wale unaowataka.

Tatu, changanya, ujaze mabeseni yaliyotoboka au magunia, upande mtama au mahindi, pamoja na vitunguu vichache. Kuvu hawa hawawezi kuongezeka bila mzizi ulio hai. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaweka udongo kwenye ndoo na kungoja. Hakuna kitakachotokea. Anapanda mtama, hapandi pilipili, ili magonjwa ya pilipili yasipate pa kukaa.

Nne, mwagilia miezi mitatu hadi minne. Usiweke mbolea ya chumvi, hasa yenye fosforasi. Mmea ukishiba fosforasi unamfukuza kuvu, hauoni tena sababu ya kumlisha. Samadi iliyooza, kidogo tu.

Tano, acha kumwagilia siku kama 10 hadi 14. Mmea ukikauka, kuvu wanatengeneza mbegu zao za kulala. Kata mashina, toa mizizi, ikatekate vipande vidogo, uchanganye na mchanga wake. Weka kwenye mfuko mahali pakavu penye kivuli, utumie msimu unaofuata.

Sita, wakati wa kitalu, changanya sehemu moja ya dawa hii na sehemu tisa za udongo wa kitalu. Au wakati wa kuhamisha miche, weka vijiko viwili ndani ya shimo, chini kabisa, mizizi iguse. "Ukiimwaga juu kama chumvi kwenye mboga, umetupa bure," alisema. Miche anaipanda umbali wa nusu mita hivi, na anafunika udongo kwa nyasi.

MASWALI TULIYOMWULIZA

Baba yetu mmoja, yule aliyekula pilipili, hakuwa ameridhika. Aliuliza, "Mama, sasa tukiwa na hii tuache samadi?" Akajibu haraka, "Hapana, baba! Kuvu haiko mbuzi, haitoi samadi." Maana yake, kuvu analeta chakula kilichomo kwenye udongo. Kama hakimo, hana cha kuleta. Ule ukijani wa majani unataka naitrojeni, na hiyo inatoka kwenye samadi, mboji au maharage. Msimu wake wa kwanza yeye mwenyewe aliamini kuvu peke yao, akakosa samadi, akavuna pilipili za kuhesabika.

Tuliuliza pia kama inatibu mnyauko, ule ugonjwa wa pilipili kulegea ghafla na kufa. Alisema haiko dawa ya mnyauko. Mmea uliokufa hivyo ung'oe, uutoe shambani, na usirudishe pilipili, nyanya, bilinganya wala viazi hapo mapema.

Halafu akatushangaza na neno moja. Lengalenga, kabichi na sukuma kwa kawaida havina urafiki na kuvu hawa. Ukilima lengalenga tupu msimu baada ya msimu, kuvu wanapungua kwa kukosa mwenyeji. Tuliangaliana, maana shamba letu la pilipili mwaka mzima kabla yake lilikuwa lengalenga na kabichi. Hakusema tuache lengalenga, watoto watakula nini? Alisema tubadilishane: mahindi au maharage kwanza, ndipo pilipili. Na tusigeuze udongo kwa jembe kila mara, kwa sababu tunakata nyuzi zote, na kuvu wanaanza kujenga upya kama mtu aliyechomewa nyumba.

Mwisho tulimwuliza kuhusu uyoga. Mmoja wetu alidhani uyoga unaoota chini ya mikalitusi ndio huo huo, akataka kuukusanya. Mama alikataa. Uyoga wa mikalitusi ni wa kuvu wengine, hawaingii kwenye pilipili. Hawa wa pilipili hawatoi uyoga juu ya ardhi. Na uyoga usioujua usiuguse, tusije tukalia.

KURUDI

Tuliaga saa tisa. Alitupa mfuko mdogo wa ile dawa, kama kilo mbili, akakataa pesa. Alisema turudishe beseni moja ya kwetu tukishafuga, ampe mtu mwingine. Tulipomwuliza mbona hauzi, alinyamaza kidogo, kisha akasema mwaka 2025, msaada wa chakula ulipokatwa kwa watu wapatao milioni moja Uganda nzima, nyumba yake ilikuwa mojawapo. Pilipili ndizo zilizonunua unga. "Jirani aliniazima jembe siku hizo. Miye nitamuuzia nani udongo?"

Njiani hatukuongea sana. Jioni ile ile tuliwakusanya wenzetu wote, tukasoma daftari kwa sauti, tukabishana mpaka taa ya jua ikazimika. Makubaliano ni haya. Mfuko wa mbolea hatununui msimu huu. Pesa itanunua mbegu na samadi ya mbuzi. Ile kilo mbili haitoshi shamba zima, kwa hiyo tutaiweka kwenye mistari miwili tu, na miwili ya pembeni hatutaweka, tupime kwa beseni wenyewe. Sehemu moja ya shamba tunapanda mahindi na maharage kuandaa udongo wa msimu unaofuata. Mabeseni matatu ya mtama yamekwisha pandwa nyuma ya kanisa. Ikishindikana, tutaandika hapa hapa kwamba imeshindikana. Hatutaki kumdanganya mtu, tumedanganywa ya kutosha.

Jambo la mwisho. Tulipita kwa yule mwenzetu aliyetoka kwenye kikundi. Hatukumwomba arudi. Tulimpelekea vijiko vichache vya dawa ile, vya kutosha miche 10 mlangoni kwake, na tukamweleza namna ya kuweka. Alituuliza swali moja tu: "Mizizi iguse?" Tukasema ndiyo, iguse.

KAZI YA WATOTO NYUMBANI

Watoto, chukueni makopo mawili yaliyotobolewa chini. Kopo la kwanza mtie udongo wa barabarani, kopo la pili udongo wa chini ya nyasi za zamani. Pandeni punje tatu za mahindi katika kila kopo, mwagilieni sawasawa kwa wiki sita, na kila Jumapili pimeni urefu kwa rula, muandike kwenye daftari. Msisahau kuosha mikono. Mwisho mng'oe mimea, muoshe mizizi taratibu na muilinganishe. Kuvu hamtawaona, lakini mizizi mtaiona. Leteni majibu yenu kwa wazazi, nao watuletee, tutayaandika.

Tukutane mwezi ujao. Mungu awabariki, na mvua ije kwa wakati.